Marumaru ya Babu wa Maskati

Miaka ile ya ruksa, nchi ilipofunguliwa milango pamoja na madirisha, viliingia vitu vingi Mpwapwa. Zilianza sabuni za kila rangi, zikafuata redio zenye taa, zikaja suruali za Wazungu waliokufa, na mwisho wakaanza kuingia mababu. Zamani kila mtu alikuwa na babu wa kawaida, mwenye kikohozi na mbuzi wake. Ghafla babu wa fulani akawa wa Hadharamauti, babu wa fulani akawa wa Bombei, na kinyozi wa sokoni, ambaye mama yake alijulikana mpaka kwa harufu ya togwa lake, akatangaza kwamba asili yao ni Shirazi. Bidhaa za nje zilikuwa na soko.

Imrani Mohamedi hakuwa mtu wa kupitwa na soko. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta marobota ya mitumba, wa kwanza kununua lori, na wa kwanza kuhamia Dodoma, mtaa wa Chang'ombe, akajenga nyumba ambayo geti lake lilikuwa zuri kuliko nyumba yenyewe. Ilipofika zamu ya kuagiza babu, hakuhangaika na wa karibu. Aliagiza wa Maskati.

Mama yake, Adija, alikuwa amebaki Mpwapwa katika nyumba ya ukoo. Habari za babu huyo alizipata jioni moja, amekaa kwenye mkeka ukumbini, anachambua mlenda.

"Mama, nataka tumsomee hitima babu Athuman," Imrani alisema. Alikuwa amesimama, maana suruali yake haikutaka kukaa mkekani. "Hitima kubwa. Na kaburi lake tulijengee marumaru."

"Jambo jema. Umemkumbuka lini?"

"Mama, yule ni sheikh. Alitoka Maskati na msafara, akaja kuufungua mji huu."

Adija aliacha kuchambua. "Athuman yupi? Athuman wa mguu?"

"Mguu gani tena, mama!"

"Sasa mimi namjua mmoja tu, mwanangu. Kama kuna mwingine aliyepita nikiwa nimelala, nionyeshe."

Adija alikuwa na haki ya kuuliza. Habari za Athuman hakuzipata kwa maalim wala redioni. Alizipata kwa mkewe Athuman mwenyewe, Bibi Mbeleje, ambaye Adija alimkuta katika nyumba hii alipoolewa, bibi kikongwe wa Kigogo, macho yamekufa lakini ulimi mzima. Adija ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka siku yake ilipofika. Na Mbeleje, akilishwa, alikuwa akisimulia.

Athuman alikuwa mpagazi kutoka upande wa Ujiji. Alifika Mpwapwa na pembe ya ndovu ya mtu mwingine begani na mguu uliovimba kama mtungi. Maskati aliijua kwa sababu ndiko walikotoka waliombebesha. Wenye msafara waliuangalia ule mguu, wakampa pembe mtu mwingine, wakamwacha Athuman kando ya njia. Mbeleje alikuwa akipita na maziwa ya kuuzia misafara. "Nilifikiri ni gogo," alikuwa akisema, "mpaka likaniomba maji." Alimpa maziwa, akamkanda ule mguu, na mguu ulipopona Athuman akasahau kuondoka.

Kaka yake Mbeleje ndiye aliyewapa ardhi, yote, kuanzia njia ya msafara mpaka korongoni. Hakutaka ng'ombe wala chumvi. Alitaka jambo moja tu: kila watakapopikia watu wengi, iwe arusi, iwe msiba, sahani ya kwanza iende kwa ukoo wa Mbeleje, na iletwe na mwenye nyumba wa kike kwa mkono wake. Ndivyo ilivyokuwa. Swalihu mwana wa Athuman alipooa, sahani ilikwenda. Mohamedi mwana wa Swalihu, mume wa Adija, alipofungua duka la ngozi na nta, sahani ilikwenda. Duka lilipotaifishwa naye akawekwa kupimia watu unga wa foleni, hakukuwa na sherehe, lakini Idi ilipofika sahani ilikwenda, ingawa juu yake palikuwa na ugali wa njano. Nao ukoo wa Mbeleje, kila mwaka kabla ya mvua, ulikuja kwa majembe kusafisha kaburi la dada yao. Walipanga mawe pembeni, na kichwani walikuwa wamemsimikia jiwe lake mwenyewe la kusagia uwele.

Kaburi la Athuman, hatua chache kutoka pale, hakuna aliyekuwa akilisafisha. Hiyo ilikuwa kazi ya wajukuu, na wajukuu walikuwa wakitafuta maisha. Lilikuwa limeota mbigili, na mbuzi walilipenda.

*

Siri ya hitima ilikuwa Shamila, binti wa Imrani, aliyeposwa na kijana wa Alhaji Mbaruku wa Dodoma. Alhaji alikuwa na mashine za kukoboa, magari, na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mifukoni. Siku ya kuleta barua ya posa alikuwa ameuliza, kwa upole wa mtu anayekagua gunia la mchele: "Na nyinyi asili yenu wapi hasa?" Imrani akasema Maskati. Neno likishatoka halirudi dukani kubadilishwa.

"Basi msomeeni hitima," Adija alisema. "Mtu hakatazwi dua. Lakini na Bibi Mbeleje atajwe."

Imrani alikohoa. "Mama, kuna jambo hapo. Lile eneo la makaburi liko barabarani. Pale penye babu tutajenga ukuta mdogo, wa heshima. Huku kwingine nataka kusimamisha fremu za maduka."

"Huku kwingine amelala mtu."

"Alilala, mama. Miaka yote hii? Sasa hivi ni udongo."

"Na babu yako sasa hivi ni nini? Sukari?"

"Mama, elewa biashara. Kila mtu sasa anafungua fremu."

"Ardhi hiyo ni yake, Imrani. Hata mahali aliposimama huyo sheikh wako kujikuna ule mguu, palikuwa pake. Alipokuwa anakata roho hakuomba kitu kingine. Alinishika hapa," Adija akaonyesha kifundo cha mkono, "akasema, mke wa mjukuu wangu, wasinifukie mara mbili. Nikamwambia, bibi, nikiwa hai hawakufukii. Na mimi bado nipo hai, kama hujanitazama vizuri."

Imrani alimtazama vizuri. Siku ya pili akamwambia aende naye Dodoma, apumzike wiki moja, ashonewe na nguo za hitima. Mtu ambaye hajawahi kuuliza mama yake amelala wapi akimwambia apumzike, kuna kitu anataka kukifanya nyuma yake. Adija alilijua hilo. Lakini alikuwa mama mtu mzima, mwanaye amekuja na gari, majirani wanatazama. Alipanda.

Walipofika penye makaburi Imrani alisimamisha gari. Fundi Thobias alikuwa akisubiri kando ya barabara, na koleo lake na kofia ya karatasi ya simenti. Imrani hakushuka. Alishusha kioo.

"Thobias, makaburi yapo mawili humo. Moja la sheikh, moja la bibi mmoja wa zamani. La sheikh lijengee marumaru, kama tulivyosema. Hilo jingine sawazisha, pawe kama uwanja."

"Sawa, bosi. Ungeshuka unionyeshe lipi ni lipi."

"Thobias, wewe fundi au mtoto? Utaona mwenyewe. Lile lililotunzwa ndilo la sheikh. Lile lililotelekezwa ndilo la kusawazisha."

Adija aligeuka. Alimtazama mwanawe, akalitazama lile jiwe la kusagia lililosimama kwa mbali, safi, limezungukwa na mawe yaliyopangwa mwezi uliopita tu, kisha akaitazama ile mbigili na mbuzi wake. Akafungua mdomo.

"Imrani..."

"Mama, tafadhali. Usianze."

Basi Adija hakuanza. Alifunga mdomo wake, akajifunga na ushungi, na gari likaondoka.

*

Huko Chang'ombe Adija alipumzishwa kama mgonjwa. Alikaa kwenye kochi lililofunikwa nailoni, nailoni ikimng'ang'ania kila alipotaka kuinuka, mbele ya televisheni isiyokuwa na picha. Mke wa Imrani alimwomba asiteme mate uani, Bi. Mkubwa, maana wapangaji wataona. Alipoomba mlenda aliambiwa humu ndani siku hizi hawali mlenda. Akaletewa mkate wenye kitu cha njano juu yake.

Shamila ndiye aliyekuwa nafuu yake. Alikuja kumsuka bibi yake jioni.

"Shikamoo bibi. Eti ni kweli sisi Waarabu?"

"Marahaba. Kajitazame kwenye kioo, halafu uje uniambie."

Shamila akacheka mpaka kitana kikamwanguka. "Mimi bibi hata nikiwa wa Gulwe stesheni sawa tu. Mimi nataka kuolewa. Haya ya Maskati ni ya kina baba na Alhaji. Utafikiri wanaoana wao."

Adija alicheka naye, lakini usingizi ulimpa taabu. Alimfikiria Thobias. Akiwa mjinga, atafanya kama alivyoambiwa. Akiwa mwerevu, ataenda kuuliza jirani, na Mbeleje atafukiwa mara ya pili. Katika maisha yake yote Adija hakuwahi kumwombea mtu ujinga kwa moyo mkunjufu kiasi kile. Halafu akamkumbuka Athuman, naye akaona haya kidogo. Mpagazi yule aliachwa njiani na tajiri wake akiwa hai. Sasa mjukuu wake mwenyewe anamsawazisha akiwa maiti. Kuna watu wamezaliwa kuachwa kando ya njia.

*

Siku ya hitima Mpwapwa ilinuka pilau kuanzia asubuhi. Turubai lilifungwa, kipaza sauti kilikohoa, na gari la Alhaji Mbaruku lenye vioo vya giza likaingia. Dereva alitafuta kivuli na mahali palipo sawa, na mahali palipo sawa palikuwa pamoja tu: uwanja mpya, uliofyekwa mbigili na kushindiliwa vizuri, kando ya kaburi. Akaegesha hapo.

Adija aliteremka kwenye lori la mchele akaenda moja kwa moja makaburini. Alisimama. Marumaru nyeupe zilimetameta mpaka zikamtoa machozi, au labda yalikuwa machozi yake mwenyewe. Na kichwani mwa kaburi, limepakwa rangi ya kijani, limeandikwa kwa dhahabu "Sheikh Athuman, Maskati", lilisimama jiwe la kusagia uwele la Bibi Mbeleje.

"Umeliona, mama?" Thobias alisema kwa fahari. "Hili jiwe nilitaka kulitoa. Halafu nikaliangalia, nikasema hapana, hili alitoka nalo Arabuni."

"Umefanya kazi nzuri, baba. Mungu akuzidishie ufundi."

Wakubwa walifika kuzuru. Maalim alikuwa amenung'unika kidogo kwamba makaburi hayafai kuremba, lakini alipoonyeshwa ile nafasi yake ya kukaa, karibu na feni, akaona kwamba wanavyuoni wamehitilafiana. Alhaji aliligusa lile jiwe kwa kiganja, kisha akajipangusa usoni kupata baraka. Mkewe, Bi. Mwanahawa, aliinama akalitazama lile bonde lililochimbika katikati.

"Mbona hili kama jiwe la kusagia?"

"Ndiyo, ndiyo," Imrani alidaka. "Masheikh wa zamani walikuwa wakisagia udi."

"Kumbe," alisema Bi. Mwanahawa. "Basi huyu alichoma udi sana."

Wakati huo ndipo alipotokea Sostenes, mkubwa wa ukoo wa Mbeleje, mzee wa kanisa kijijini kwao, na jembe begani. Koti lake la mitumba lilikuwa na nembo ya shule ya Kizungu kifuani. Hakuwa amealikwa. Lakini watu wa Mbeleje hawakuwahi kualikwa. Walisikia moshi wakaja, na hayo ndiyo yalikuwa makubaliano.

"Shikamoo mama Imrani."

"Marahaba. Karibu, mjomba. Unaona ndugu yako alivyopendezeshwa?"

Sostenes alilitazama kaburi. Alisoma maandishi polepole, midomo ikicheza. Akamtazama Adija. Adija akatazama angani. Yule mzee akaanza kutikisika mabega, mpaka ikabidi akohoe kwa heshima ya marehemu.

Imrani alimwona. Akamfuata haraka, sauti chini. "Mzee Sostenes, karibu. Lakini leo kuna wageni rasmi. Kaa kule nyuma, karibu na masufuria. Utaletewa."

"Nitaletewa, hilo najua," alisema Sostenes, akaenda kukaa na jembe lake kwenye gogo la kuni.

*

Dua zilisomwa. Maalim alimtaja Athuman wa Maskati kwa kipaza sauti, akamwombea nuru na upana wa kaburi, na watu wote, wameelekea kwenye marumaru, wakaitikia amina. Adija aliitikia kwa sauti kuliko wote. Miaka yote ile Mbeleje hakuwahi kuombewa na umati kama ule, tena na watu waliokuja kwa magari.

Pilau likapakuliwa. Adija alichukua sinia ya kwanza kwa mikono yake, akapita mbele ya turubai. Alhaji alikwishakunja mikono ya kanzu. Sinia ikampita. Ikawapita wazee wa msikiti. Ikaelekea kule kwenye masufuria.

Imrani alimkuta mama yake njiani. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya wageni huku meno yamekutana. "Mama, unaniaibisha. Sahani ya kwanza ni ya Alhaji."

"Sahani ya kwanza ni ya ndugu wa mwenye kaburi."

"Mwenye kaburi hana ndugu hapa! Ndugu zake wako Maskati!"

"Huyu uliyemjengea ndugu zake ndio hawa, baba. Hilo jiwe mnalolibusu, mimi nimesagia uwele juu yake mpaka nikaota sugu. Ulimwambia fundi ajenge lililotunzwa. Amejenga. Hakuna aliyemtunza babu yako."

Imrani alilitazama kaburi la marumaru. Halafu, polepole, kama mtu anayesikia nyoka nyuma yake, akageuza shingo kutazama ule uwanja uliosawazishwa. Gari la Alhaji lilikuwa limekaa juu ya kifua cha sheikh. Dereva alikuwa ameegemea mlango, anatafuna kijiti.

"Ulikuwa unajua," alimwambia mama yake.

"Niliambiwa nisianze."

Imrani alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara huhesabu haraka. Akisema ukweli, amemfukia babu yake wa Maskati kwa koleo. Akinyamaza, babu anakandamizwa na tairi. Alimwendea Alhaji, akainama sikioni mwake.

"Alhaji, samahani. Gari... ningeomba lisogezwe kidogo."

"Kuna nini? Si kiwanja kile?"

"Hapana. Pale..." Jasho lilikuwa likimtoka Imrani chini ya kofia ya tarabushi. "Pale amelala bibi yetu."

Kwa bahati mbaya kipaza sauti kilichokuwa mbele ya Alhaji hakikuwa kimezimwa. Turubai zima lilisikia. Mtu mmoja alitema kokwa ya tende.

"Bibi yenu?" Alhaji alisimama. "Mbona hakuna hata alama?"

"Tuko mbioni kumjengea. Ndiyo kwanza tumesafisha. Naye atajengewa, kama babu, vilevile."

"Alikuwa mtu wa wapi?"

Imrani alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa amesimama na sinia, anasubiri, wala hakumsaidia.

"Wa hapa," alisema Imrani. "Mgogo. Ardhi hii ilikuwa yake. Na yule mzee kule nyuma ni mjomba wetu. Sahani ya kwanza ni yake."

Dereva alikimbilia gari, akaliondoa, na Adija akaifikisha sinia kwa Sostenes. Alhaji Mbaruku hakukaa. Alitembea kwenda kwenye masufuria, koti jeupe na yote, akasimama mbele ya Sostenes.

"Mbukwenyi," alisema, na kufuatia hapo Kigogo kikamtoka kama maji, salamu baada ya salamu, ng'ombe, watoto, mvua, mpaka Sostenes akaacha mdomo wazi. Bi. Mwanahawa alikohoa kwa nguvu. Alhaji akashtuka, akashusha sauti.

"Mama yangu alikuwa wa Nzuguni," alisema, akiketi kwenye gogo na kuingiza mkono katika sinia ya mjomba. "Lakini, mkwe wangu Imrani, hayo yabaki hapahapa. Hicho chombo kizimwe."

*

Shamila aliolewa. Fremu hazikujengwa; mtu aliyetangaza kwa kipaza sauti kwamba pale amelala bibi yake hawezi tena kupangishia muuza vyombo vya plastiki. Thobias alirudi na marumaru nyingine, akamjengea Athuman kaburi zuri lenye jina la Mbeleje. Adija alimwambia asihangaike kutafuta jiwe jingine.

Kabla ya mvua za mwaka uliofuata Sostenes alikuja na majembe, akayatazama yale makaburi mawili meupe.

"Mama Imrani, mwaka huu tunasafisha lipi?"

"Yote, mjomba. Huyu mwingine ndugu zake wana shughuli."

"Na haya majina yaliyopishana?"

"Bibi hakujua kusoma. Na babu alizoea kubeba vya wenzake."

Walikuwa bado wanacheka gari la Imrani liliposimama barabarani. Safari hii alishuka. Alipita kwenye majani, viatu vyake vikichafuka, akasimama katikati ya makaburi, mikono imekunjuliwa kwa dua, akitazama huku, akitazama kule, asijue aanzie wapi.

"Anza na mwenye ardhi," mama yake alisema.

Imrani akageuka, akaelekea kwenye jiwe la kusagia.